Frene Ginwala: mama wa kalamu aliyeongoza Bunge



Katika ukurasa huu tunazungumza juu ya wanawake waliofanya kazi kwa ajili ya inchi zao. Juma hili tutazame ulizo moja ambalo linatuhusu sana: mwandishi wa habari akiacha kalamu na kuingia katika siasa, sisi wamama tunapata faida gani? Hapa Kongo tunayaona hayo mara nyingi. Sauti tuliyoizoea kwenye redio asubuhi, baada ya miaka kidogo tunaikuta kwenye karatasi za kura. Wengine wakishachaguliwa wanaendelea kutusikiliza. Wengine wanasahau hata njia ya karitie yao.

Nimechagua maisha ya mama mmoja wa Afrika ya Kusini. Jina lake ni Frene Ginwala. Aliongoza gazeti kule Dar es Salaam, akaondolewa kazini kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa katika gazeti hilo, akakaa uhamishoni miaka kama thelathini, kisha akarudi kwao na kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Bunge la inchi yake. Alikufa tarehe 12 Januari 2023, akiwa na miaka 90. Mambo aliyofanya ni mengi, lakini liko moja ambalo ningependa kila kikundi chetu kilishike: kabla ya kukaa katika kiti, alikwenda pamoja na wenzake kuuliza wanawake wanataka nini, na majibu yakaandikwa.

Binti wa Johannesburg

Frene Ginwala alizaliwa Johannesburg tarehe 25 Aprili 1932, katika jamaa ya watu wenye asili ya Uhindi. Alipokuwa msichana wa miaka 16, mwaka wa 1948, chama cha Wazungu waliotaka kutenga watu kwa rangi kilishika serikali. Ndiyo apartheid. Sheria ilipanga watu kama vile mtu anavyopanga bidhaa sokoni: Wazungu huku, Wahindi kule, machotara pale, na watu weusi, ambao ndio wengi, chini ya wote. Sheria ilisema mtu akae wapi, asome wapi, afunge ndoa na nani. Mwanamke wa Kihindi kama Frene hakuwa na haki ya kupiga kura katika inchi aliyozaliwa.

Alisoma sheria Uingereza. Aliporudi, alisaidia chama cha ANC, chama cha Nelson Mandela na Oliver Tambo. Tarehe 21 Machi 1960, mahali panapoitwa Sharpeville, polisi walipiga risasi watu waliokuwa wakikataa sheria ya kutembea na kitabu cha ruhusa. Watu 69 waliuawa. Majuma machache kisha pale, serikali ikapiga ANC marufuku. Wakubwa wa chama walikwisha kupanga Tambo atoke inchini ili aseme kwa ajili yao mbele ya mataifa. Frene alikuwa mmoja wa wale waliosaidia safari hiyo, sababu polisi hawakuwa wanamjua sana. Yeye mwenyewe akatoka, akafika Dar es Salaam, na huko akasaidia kufungua ofisi ya ANC.

Huo ndio mwaka ule ule ambao Kongo yetu ilipata uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Wakati sisi tunacheza muziki wa uhuru, mama huyu alikuwa ameanza maisha ya mkimbizi. Wale kati yetu waliokimbia vita wanajua vizuri maana ya kuacha nyumba bila kujua siku ya kurudi.

Kalamu ya Dar es Salaam

Katika Dar es Salaam Frene alianza kuandika. Aliongoza gazeti lililoitwa Spearhead, lililozungumza juu ya uhuru wa Afrika. Kisha akaenda Uingereza, akaendelea na masomo na uandishi.

Mwezi wa pili wa mwaka 1970, Raisi Julius Nyerere alichukua gazeti la The Standard, lililokuwa mali ya kampuni ya wageni, akalifanya mali ya taifa. Alimwita Frene Ginwala kuliongoza. Tufikiri kidogo: mwanamke, mkimbizi, tena asiyekuwa mwenyeji wa Tanzania, anapewa gazeti kubwa la serikali. Nyerere aliandika kwamba gazeti litaunga mkono siasa ya inchi, lakini litakuwa na ruhusa ya kuonyesha makosa pale ambapo kazi haiendi vizuri.

Hilo lilikuwa neno jema, lakini kulitimiza kulikuwa kugumu. Mwezi wa saba wa mwaka 1971, kule Sudan, Raisi Nimeiry aliponea mapinduzi, kisha akaamuru wakubwa wa chama cha Wakomunisti wauawe. The Standard likaandika kulaumu mauaji hayo. Nimeiry alikuwa rafiki wa Tanzania, na wakati huo huo alikuwa akingojewa kama mgeni wa serikali. Frene akaondolewa kazini.

Mwaka uliofuata, 1972, gazeti hilo liliunganishwa na gazeti la chama, likaitwa Daily News, na mkubwa wake akawa Benjamin Mkapa. Huyo mnamfahamu. Alikuja kuwa raisi wa Tanzania kuanzia 1995 mpaka 2005. Tena ni yeye, pamoja na Olusegun Obasanjo wa Nigeria, aliyekuja kusaidia mapatano juu ya vita ya Kivu ya Kaskazini, mapatano yaliyotiwa sahihi tarehe 23 Machi 2009. Kwa hiyo waandishi wawili waliofanya kazi ya gazeti, kila mmoja alifika juu kabisa katika siasa ya inchi yake.

Kwa nini kazi ya gazeti inafungua mlango wa siasa? Sababu mwandishi mzuri anajifunza mambo matatu ambayo mtu wa serikali anayahitaji. Anajifunza kuuliza. Anajifunza kusikiliza jibu mpaka mwisho. Na anajifunza kusema jambo kwa maneno ambayo mtu wa kawaida anaelewa. Akiyabeba hayo matatu mpaka Bungeni, wananchi wanafaidika. Akiyaacha mlangoni, anabaki na sauti nzuri tu.

Miaka ya kungoja

Frene alirudi Uingereza. Alipata shahada ya juu, ya udaktari, katika chuo kikuu cha Oxford, kwa utafiti juu ya Wahindi wa Afrika ya Kusini. Aliandika katika magazeti, na kwa muda mrefu alifanya kazi ya utafiti katika ofisi ya Oliver Tambo. Ilikuwa kazi ya kusoma, kukusanya habari, kuandika, bila kelele. Miaka ikapita. Wengine waliotoka naye walikufa ugenini bila kuona tena kwao.

Mwezi wa pili wa mwaka 1990, serikali ya Wazungu iliondoa marufuku juu ya ANC, na Mandela akatoka gerezani tarehe 11 mwezi huo. Wakimbizi wakaanza kurudi. Frene naye akarudi, akiwa karibu na miaka 60. Kwa umri huo wengine wanafikiri kupumzika na kulea wajukuu. Kazi yake kubwa ndiyo ilikuwa inaanza.

Meza yenye wanaume tu

Mwisho wa mwaka 1991, vyama vya Afrika ya Kusini viliketi kuzungumza namna ya kujenga inchi mpya. Picha za mkutano ule zinaonyesha wanaume, tena wanaume, karibu wote. Wanawake walikuwa wamefungwa gerezani, walikuwa wamepoteza watoto, walikuwa wamebeba mapambano mgongoni. Lakini ilipofika saa ya kukaa mezani, waliambiwa kwa namna moja ama nyingine: ngojeni kwanza, mambo ya inchi yapite, mambo ya wanawake yatakuja nyuma.

Neno hilo, wamama, na sisi tumelisikia.

Ndani ya ANC yenyewe, katika mkutano wa 1991, wanawake waliomba sehemu ya viti iwekwe kwa ajili yao. Walikataliwa. Hapo wakaelewa kwamba kila mmoja akibaki ndani ya chama chake, hawatafika. Mwaka wa 1992 wakaanzisha Muungano wa Taifa wa Wanawake, na Frene Ginwala akawa mwitishaji wake.

Tazama ni nani walioingia humo. Wanawake wa ANC na wanawake wa chama kile kile kilicholeta apartheid. Wanawake wa Inkatha, chama ambacho watu wake na watu wa ANC walikuwa wakiuana katika vijiji vya Natal. Wanawake wa makanisa, wa vyama vya wafanyakazi, wanaofanya kazi katika nyumba za watu, wakulima wa vijijini. Watu hawa hawakupendana. Wengine walikuwa na maiti kati yao. Hawakulazimishwa kukubaliana juu ya kila jambo. Walikubaliana juu ya kazi moja tu: kwenda kuuliza wanawake wa inchi yote wanataka nini, na kuandika majibu.

Ndipo ule ufundi wa mwandishi wa habari ulipoonekana. Mwanasiasa wa kawaida anakuja na hotuba tayari mfukoni. Muungano ule ulikwenda na ulizo. Wanawake walikutana katika vikundi vidogo, katika mikutano mikubwa, katika karatasi za maulizo. Mama wa kijijini aliyesema habari ya maji yaliyo mbali, na mwalimu aliyesema habari ya mshahara mdogo kuliko wa mwanaume mwenzake, wote waliandikwa.

Majibu yalikusanywa katika andiko moja lililoitwa Mkataba wa Wanawake, likapitishwa mwezi wa pili wa mwaka 1994, miezi miwili mbele ya uchaguzi. Lina sehemu 12: usawa, sheria na mahakama, uchumi, masomo, maji na njia na umeme na mazingira, huduma kwa jamii, siasa, jamaa na ndoa, mila na dini, jeuri juu ya wanawake, afya, na mwishowe vyombo vya habari. Angalia vizuri orodha hiyo. Hakuna hata sehemu moja ambayo mama wa Kongo angesema: hii hainihusu.

Walipata nini? Kwanza, mwaka wa 1993, walifaulu kufanya kila chama kilichokuja kwenye mazungumzo kilete pia mwanamke mezani. Pili, ANC iliyokuwa imekataa, ilikubali kuweka mwanamke mmoja katika kila watu watatu kwenye orodha yake ya uchaguzi. Tatu, na hili lilikuwa gumu kuliko yote, machifu wa mila walitaka sheria ya usawa isiguse desturi. Maana yake, mjane aendelee kufukuzwa katika shamba la mume, na binti asirithi, kwa sababu ni mila. Wanawake wa vijijini walisimama wakakataa. Mwishowe ilikubaliwa kwamba mila inaheshimiwa, lakini haiwezi kuwa juu ya usawa wa mwanamke na mwanaume.

Katika kiti cha Bunge

Tarehe 9 Mei 1994 Bunge jipya liliketi kule Cape Town. Siku ile ile walimchagua Nelson Mandela kuwa raisi wa inchi, na Frene Ginwala kuwa Spika, ndiyo kusema raisi wa Bunge kama tunavyosema kwetu. Alikaa katika kiti kile miaka kumi, mpaka 2004. Alikuwa akivaa sari, vazi la mama zake, na wabunge wazee waliokuwa wametunga sheria za ubaguzi walipashwa kumwomba yeye ruhusa ya kusema.

Mbele ya mwaka ule, wanawake hawakufika hata 3 kwa mia katika Bunge la Afrika ya Kusini. Baada ya uchaguzi walikuwa karibu robo ya wabunge 400. Nyumba yenyewe ilikuwa imejengwa kwa ajili ya wanaume. Ilipashwa kubadilishwa: saa za kazi zikatazamwa upya, mahali pa kutunza watoto pakawekwa. Mikutano ya kamati, ambayo zamani ilifanyika kwa siri, ikafunguliwa ili wananchi na waandishi wa habari waingie kusikiliza. Mtu aliyefanya kazi ya gazeti anajua kwamba mlango uliofungwa ndio unaoficha mengi.

Wakati wa kuandika katiba mpya, iliyopitishwa mwaka wa 1996, wananchi waliombwa kutuma maoni yao, na yalifika zaidi ya milioni moja. Kazi ile iliongozwa na Cyril Ramaphosa, lakini ilifuata njia ile ile ambayo wanawake walikuwa wameonyesha: kuuliza kwanza, kuandika kisha.

Mwaka wa 1998 Bunge lile lilipitisha sheria mbili ambazo wamama wengi walizingojea. Moja ni sheria juu ya jeuri ya nyumbani, inayomruhusu mwanamke kuomba mahakama imkataze mtu anayempiga asimkaribie. Nyingine ni sheria juu ya matunzo ya watoto, inayokaza juu ya baba anayeacha watoto bila kuwalisha. Sheria hizi hazikumaliza matatizo. Hata leo Afrika ya Kusini inalia sana kwa ajili ya wanawake wanaouawa na waume na wachumba wao. Lakini mama anayekwenda mahakamani anakuta maandishi ya kumtetea, na yale maandishi yalitoka katika midomo ya wamama wenzake.

Si sifa tu

Katika masomo tunafundisha watoto kwamba habari ya mtu isiandikwe kwa sukari peke yake. Kwa hiyo tuseme pia yale ambayo watu walimlaumu Frene Ginwala.

Mwaka wa 1997, mbunge mwanamke, Patricia de Lille, alisimama Bungeni akasema kwamba kati ya wakubwa wa ANC wako waliokuwa wapelelezi wa serikali ya apartheid. Bunge, ambalo ANC ilikuwa na wengi ndani yake, lilimfukuza kwa siku 15. De Lille alikwenda mahakamani kushitaki, na Spika Ginwala alikuwa upande wa kujibu. Mahakama ilimpa De Lille haki: Bunge halikuwa na ruhusa ya kumwadhibu hivyo kwa sababu ya maneno aliyosema. Hata walipokata rufaa, walishindwa.

Kisha, mnamo 2001, ilikuja habari ya ununuzi wa silaha, ambamo watu wengi waliona harufu ya rushwa. Wapinzani na hata watu wengine wa ANC walimlaumu Spika kwamba alilinda serikali badala ya kuliacha Bunge lichunguze sawasawa.

Ninayasema haya kwa sababu yana fundisho kubwa. Mwaka wa 1971 mama huyu aliondolewa kazini kwa sababu ya neno ambalo wakubwa hawakulipenda. Miaka 26 nyuma yake, alikuwa amekaa katika kiti cha juu wakati mwanamke mwingine alipoadhibiwa kwa sababu ya neno ambalo wakubwa hawakulipenda. Kiti kina nguvu. Kinaweza kumgeuza hata mtu mwema, hata mtu aliyeonja ubaya wa kunyamazishwa. Ndiyo sababu mtu mwema peke yake hatoshi. Tunahitaji mahakama, tunahitaji magazeti na redio, na tunahitaji wamama wanaoendelea kuuliza hata kama aliye kitini ni dada yao.

Tuongeze pia kwamba katika uzee wake, mwaka wa 2007, aliitwa kuongoza uchunguzi juu ya mkubwa wa waendesha mashitaka, Vusi Pikoli, ambaye raisi alikuwa amemsimamisha. Ripoti yake ilisema Pikoli anafaa kurudi kazini. Serikali ya chama chake mwenyewe haikufuata. Lakini safari hii maneno yake yaliandikwa yakabaki.

Na sisi Kongo?

Kwa upande wa sheria, hatuko nyuma sana kama tunavyofikiri. Kifungu cha 14 cha katiba yetu ya 2006 kinaamuru serikali iondoe ubaguzi juu ya mwanamke na kumpa nafasi sawa katika uongozi. Mwaka wa 2015 ilitoka sheria juu ya usawa huo. Mwaka wa 2016 sheria ya jamaa ilibadilishwa, na mke haombi tena ruhusa ya mume mbele ya hakimu ama kwa kazi yake kama zamani. Sheria ya uchaguzi ya 2022 inasamehe malipo ya kuandikisha kwa orodha ambayo nusu yake ni wanawake. Tumekuwa na mama Jeanine Mabunda aliyeongoza Bunge letu kuanzia 2019, na mwaka wa 2024 mama Judith Suminwa akawa waziri mkuu, mwanamke wa kwanza. Hata katika kazi ya kalamu tumekuwa na mashujaa: Bukavu inamkumbuka mama Solange Lusiku, aliyeongoza gazeti la Le Souverain katika vitisho vingi, mpaka alipofariki mwaka wa 2018.

Lakini sheria ya karatasi haiteki maji. Wakati wa uchaguzi wanakuja kwetu na kitenge chenye picha, sukari, sabuni na chumvi. Tunaimba, tunacheza, tunapigiwa picha. Wakiondoka, hakuna aliyeuliza: mama, katika karitie yenu, jambo gani linawaumiza? Na sisi wenyewe hatukuwa tumeandika chochote cha kuwapa. Kitenge kinachakaa kwa mwaka mmoja, na muda wa mbunge ni miaka mitano.

Kama mwalimu, nimeona jambo lile lile katika mikutano ya wazazi. Wamama ndio wengi kwenye benchi. Wanajua ni mtoto gani anakuja na njaa, ni darasa gani linavuja, ni feza gani bado inaombwa hata baada ya serikali kusema masomo ya msingi ni bure. Lakini wanaume watatu wa mbele ndio wanaosema, na katika ripoti yanaandikwa maneno ya wale watatu. Si kwamba wamama hawana neno. Neno lao halikuandikwa.

Sasa, sisi tunacho tayari kile ambacho wanawake wa Afrika ya Kusini walipashwa kukitengeneza. Kila MUSO, kila AVEC, kila likelemba inakutana kila juma. Ina mwandishi wake, ina daftari, ina biki. Katika daftari lile tunaandika nani ametoa, nani amekopa, nani amelipa. Na hakuna anayeweza kutudanganya juu ya feza, sababu imeandikwa. Basi tufungue ukurasa mwingine nyuma ya daftari lile lile.

Namna ya kufanya ni nyepesi. Mwisho wa mkutano, kabla ya kufunga kwa sala, mwenye kuongoza aulize ulizo moja tu: juma hili, ni jambo gani katika karitie yetu limekuumiza wewe na watoto wako? Kila mama aseme, hata kwa neno moja, hata kwa lugha ya kwao. Mwandishi aandike neno na tarehe, kisha asome kwa sauti ili asiyejua kusoma asikie kama limeandikwa sawa. Baada ya miezi mitatu, tazameni ni mambo gani yamerudi mara nyingi. Chagueni matano. Yaandikeni vizuri katika karatasi mbili: moja ya kumpa chefu wa karitie, mkubwa wa masomo, ama yule anayekuja kuomba kura, na nyingine mbaki nayo. Akipokea, aandike jina lake na tarehe. Akirudi, mfungueni ile karatasi mbele yake.

Neno moja la busara: tunaishi katika eneo la vita. Msiandike majina ya wamama waliosema, na mambo ya watu wenye silaha yasiwekwe katika daftari linalotembea mkononi. Jambo la maji, la masomo, la hospitali ya uzazi, la kodi ya soko, la mjane aliyefukuzwa, hayo yanatosha kabisa kuanza.

Na kama kati yetu iko binti anayependa redio, anayeandika vizuri, anayeuliza maulizo mengi mpaka watu wa nyumbani wanachoka, tusimwambie anyamaze kwa kuwa ni msichana. Tumpe daftari la kikundi. Pengine ndiyo masomo yake ya kwanza ya siasa. Na siku atakapokaa kitini, tumwendee na daftari lile lile na kumuuliza kama tulivyowauliza wengine.

Maulizo ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika Mkataba wa wanawake wa Afrika ya Kusini kuna sehemu 12. Kwetu, ni sehemu gani tatu tungeweka mbele?

2. Wanawake wa vyama vilivyokuwa vinauana walikubali kufanya kazi moja pamoja. Katika karitie yetu, ni wamama gani ambao hatujawahi kuwaalika, na kwa sababu gani?

3. Mbunge wa mwisho aliyekuja kwetu, tulimuuliza nini? Alijibu nini? Nani aliandika?

Mungu awalinde ninyi na nyumba zenu. Tuonane juma lijalo.

Mwalimu wenu